Nitrati kwenye Tangi la Maji ya Chumvi: Kuipima, Kuizuia na Kuiondoa

Tangi la maji ya chumvi likishatimiza miezi kadhaa, vipimo vyake huanza kufanana na vya matangi mengine mengi: amonia haionekani, nitriti haionekani, lakini nitrati inapanda kila wiki hata maji yakibadilishwa. Kichujio cha namna hiyo ni kizima kabisa. Kinamaliza hatua mbili za kwanza za kazi, amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, na hatua ya tatu, ya kuiondoa nitrati, haina wa kuifanya. Kabla ya kununua kifaa chochote cha kuondoa nitrati, jua tangi lako linazalisha kiasi gani kwa wiki. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia ni njia ipi itakufaa na ipi itakupotezea muda.

Hatua tatu, mazingira mawili

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula na kinyesi huongeza nyingine. Ukali wa amonia hutegemea pH (kipimo cha asidi ya maji). Kwenye pH 8.2 na joto la nyuzi 25 hivi, takriban asilimia 7 ya amonia yote huwa katika umbo lake la sumu. Kwenye pH 7.0 ni karibu nusu asilimia tu. Ndiyo maana kipimo cha amonia ambacho samaki wa maji baridi angekivumilia kinaweza kuchoma matamvua ya samaki wa baharini. Nitriti ni kinyume chake: kloridi iliyojaa katika maji ya chumvi huizuia isiingie kwa wingi mwilini mwa samaki, kwa hiyo haiogopwi kama ilivyo kwenye maji baridi.

Amonia hugeuzwa kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, na vijidudu vinavyohitaji oksijeni nyingi. Vingi ni bakteria, ila wamo pia akea (vijidudu vya kundi tofauti na bakteria): *Nitrosopumilus maritimus*, kiumbe kilichotangazwa mwaka 2005, kilipatikana kwenye tangi la maji ya chumvi la Seattle Aquarium. Tangini, vingi huishi kwa kushikamana na sehemu ngumu. Hawamo kwa wingi kwenye maji yenyewe, na ndiyo sababu kuhamisha maji ya zamani hakuhamishi kichujio, ilhali kuhamisha jiwe kunahamisha.

Hatua ya tatu hufanywa na bakteria wengine, mahali ambapo oksijeni imekwisha. Wanavuta oksijeni kutoka kwenye nitrati yenyewe na kuachia gesi ya nitrojeni, ambayo hupanda na kutoka majini. Wanahitaji vitu viwili: sehemu isiyo na oksijeni, na chakula, ambacho kwa wengi ni kaboni ya viumbe hai na kwa wachache ni salfa. Mipira ya plastiki, sifongo na vichujio vya kumwagia maji hewani vina oksijeni tele, hivyo hugeuza amonia kwa kasi na kuishia kwenye nitrati. Ukiwa navyo na unataka kuviondoa, toa robo moja kila wiki mbili ili miamba ipate nafasi ya kupokea kazi. Ukitoa vyote siku moja, amonia itapanda.

Nitrati ikijilimbikiza, ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) nao hushuka. Kila ongezeko la nitrati la 50 mg/L hula takriban digrii 2.3 za KH (kipimo cha ualkali), na nitrati hiyo ikiondolewa na bakteria wa hatua ya tatu, ualkali huo hurudi. Tangi linalokula ualkali bila kuwa na matumbawe yanayokua kwa kawaida linakuonyesha jambo hili.

Pima kasi ya tangi lako

Chukua kipimo cha nitrati, subiri siku 7 bila kubadilisha maji na bila kubadilisha chakula, kisha pima tena. Tofauti ndiyo kasi ya wiki.

Pima vizuri. Baadhi ya vipimo husoma nitrati yenyewe na vingine husoma nitrojeni iliyo ndani yake. Kama karatasi ya maelekezo imeandika NO3-N, zidisha jibu kwa 4.4. Chupa yenye unga unaotua chini itikise kwa nguvu nusu dakika nzima, la sivyo jibu litakuwa dogo kuliko ukweli. Na usipime nitrati wakati nitriti bado ipo, kwa sababu vipimo vingi husoma nitriti kana kwamba ni nitrati nyingi.

Sasa linganisha na chakula unachotoa. Asilimia 16 ya protini ni nitrojeni. Gramu 1 ya chakula kikavu chenye protini asilimia 45 hubeba gramu 0.072 za nitrojeni, na yote ikigeuka kuwa nitrati inakuwa gramu 0.32. Ukitoa gramu 1 kwa siku kwenye lita 200, hiyo ni 1.6 mg/L kwa siku, au 11 mg/L kwa wiki. Sehemu fulani hubaki katika miili ya samaki wanaokua, na nyingine hunaswa na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) kabla haijaoza. Kwa hiyo ukipima kasi ya 5 au 6 kwa chakula hicho, tangi linakwenda vizuri. Ukipima 11 au zaidi, ama skima haifanyi kazi, ama chakula kinaoza mahali usipopaona, ama nitrati inaingia na maji unayoongeza.

Hilo la mwisho hupuuzwa mno. Pima nitrati kwenye maji unayoyatumia kabla ya kuyatia chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa huruhusu hadi 50 mg/L, maana yake maji yanaweza kuwa salama kwako na bado yakawa chanzo cha tatizo. Tumia maji yaliyopita kwenye mtambo wa RO (unaochuja maji kwa utando laini) na kumaliziwa na resini ya DI (inayonasa chumvi zilizobaki), na ubadilishe resini mara mita ya TDS (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini) inapoacha kusoma 0. Maji ya kufidia yanayokauka ni mabaya zaidi kuliko ya kubadilisha, kwa kuwa maji hukauka na nitrati hubaki.

Kuanzisha kichujio kwenye tangi jipya

Panga miamba, jaza maji ya chumvi ya gramu 35 kwa lita, weka joto la nyuzi 26, na uache pampu zizungushe kwa siku nzima. Kwa miamba yenye matundu mengi, kilo 1 kwa kila lita 10 inatosha, na mara nyingi hata pungufu ya hapo. Ukichagua jiwe, tazama matundu yake kabla ya uzito: jiwe zito lililoziba ndani lina uso mdogo na halina vyumba vya kukosa oksijeni. Zima taa ili mwani usitangulie. Zima pia skima na taa ya mionzi ya UV.

Bakteria wanahitaji amonia ya kula, na hakuna haja ya kumtesa samaki kuipata. Tumia amoniamu kloridi safi.

1. Yeyusha gramu 6.3 kwenye lita 1 ya maji ya RO. Mililita 1 ya mchanganyiko huu kwa kila lita ya maji ya tangi huleta amonia ya 2 mg/L. Hesabu maji halisi: miamba na mchanga huchukua nafasi, na tangi la lita 200 mara nyingi lina lita 160 au 170 tu.

2. Tia bakteria wa chupa, au kipande cha mwamba hai (wenye bakteria na viumbe tayari) kutoka kwenye tangi lenye afya. Kipande cha mwamba kina aina nyingi zaidi za viumbe, ila kinaweza kuja na wadudu na vimelea, kwa hiyo jua kinatoka wapi.

3. Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili. Amonia ikishuka chini ya 0.5, tia dozi nyingine. Usiiache ivuke 5 mg/L, maana amonia nyingi huwadumaza hasa bakteria wanaogeuza nitriti, na mzunguko hukwama katikati.

4. Kazi imekwisha pale dozi ya 2 mg/L inapotoweka ndani ya saa 24 na nitriti nayo ikasoma sifuri. Wiki tatu hadi sita ni kawaida.

5. Kila dozi huacha nitrati ya takriban 7 mg/L. Baada ya dozi tano utakuwa na karibu 36. Badilisha maji mengi sasa, wakati hakuna kiumbe wa kusumbuliwa.

Kisha tia samaki mmoja au wawili wadogo na usubiri wiki mbili kabla ya kuongeza. Idadi ya bakteria hulingana na chakula chao. Samaki watano kwa mpigo ni amonia ambayo haina wa kuila.

Hatua ya tatu ya uchujaji haimo katika ratiba hii. Bakteria wasiohitaji oksijeni hukua polepole ndani ya miamba na mchanga, na ni jambo la miezi. Nitrati ikipanda katika miezi mitatu ya mwanzo, usikimbilie kubomoa kitu.

Mchanga: chini ya 3 au zaidi ya 10

Mchanga wa sentimita 2 hadi 3 una oksijeni mpaka chini. Hauondoi nitrati, lakini unasafishika kwa kuvuta uchafu na mpira kila unapobadilisha maji. Mchanga wa sentimita 10 hadi 15, wenye chembe ndogo za chini ya milimita 1, hukosa oksijeni chini na kufanya kazi ya kuondoa nitrati, kwa masharti kwamba hauguswi. Minyoo na kamba wadogo ndio wanaoufanya upumue, kwa hiyo usiweke kiti cha pweza anayechimba mchanga, maana atawamaliza wote. Jean Jaubert, mwanabiolojia aliyefanya kazi Monaco, alikuja na namna nyingine: aliacha nafasi ya maji tupu chini ya mchanga, juu ya wavu, ili viwango vya oksijeni vishuke taratibu.

Kina cha katikati, sentimita 5 hadi 8, ndicho kibaya. Ni kikubwa mno kusafishwa na kidogo mno kufanya kazi ya maana, na uchafu hujificha humo. Tukiombwa tutaje kosa moja linalowatesa wafugaji wengi, ni hili.

Mchanga wa kina uliokaa miaka unaweza kuwa na haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Usiuchokoe ukiwa na samaki ndani. Ukilazimika kuuondoa, wahamishe samaki kwanza. Na miamba ikae juu ya sakafu ya kioo, si juu ya mchanga, ili kiumbe anayechimba asiiangushe.

Zuia kabla ya kuondoa

Skima haiondoi nitrati. Huondoa protini na uchafu ulioyeyuka kabla haujageuka kuwa amonia, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Iache ifanye kazi saa 24. Futa shingo yake kila baada ya siku mbili au tatu, kwani utando wa mafuta ukishajaa hapo povu halipandi tena. Mifuko ya kuchujia ibadilishwe kila siku tatu au nne. Mfuko uliokaa wiki mbili umegeuka kuwa mahali pa kuozeshea. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe na kumwaga maji yake. Toa chakula kinachoisha ndani ya dakika mbili, na ukiona vipande vinasombwa na mkondo kuelekea nyuma ya miamba, punguza.

Kubadilisha maji, kwa hesabu

Ukibadilisha asilimia 20 ya maji, unaondoa asilimia 20 ya nitrati, hakuna zaidi. Kutoka 80 hadi kufikia 10 kunahitaji mara 9 au 10 za asilimia 20, au mara 3 za asilimia 50, na hapo hujahesabu inayozalishwa katikati.

Kwa muda mrefu nitrati hutulia mahali panapojulikana: gawa kasi ya wiki kwa sehemu unayobadilisha. Kasi ya 5 mg/L kwa wiki ukibadilisha asilimia 10, nitrati itapanda hadi 50 kabla ya kila badiliko. Ukibadilisha asilimia 20, itaishia 25. Ukitaka 10 kwa kubadilisha maji peke yake, utalazimika kubadilisha nusu ya tangi kila wiki. Hapo ndipo njia nyingine zinapohitajika, na mtu anayeambiwa "badilisha maji zaidi" bila kuonyeshwa hesabu hii huchoka bure.

Maji mapya yalingane na ya zamani kwa joto, chumvi na ualkali. Tofauti ya zaidi ya digrii 1 ya KH huumiza matumbawe magumu kuliko nitrati yenyewe.

Mwani

*Chaetomorpha*, mwani unaofanana na nyuzi zilizovurugika, ndio rafiki wa kwanza. Uweke kwenye chumba cha sampu (tangi la pembeni la vifaa vya kuchuja) chenye mkondo wa kuugeuzageuza polepole, uwashie taa saa 12 hadi 14 wakati taa za tangi kuu zimezimwa. Mpangilio huo hupunguza pia kushuka kwa pH usiku. Vuna theluthi moja kila wiki au mbili, kwani nitrojeni hutoka tangini pale tu mwani unapotoka. Mwani ukiachwa ukajaa chumba, katikati hukosa mwanga, huoza, na kurudisha kila ulichokuwa umeondoa.

Ukipauka na kuacha kukua wakati nitrati bado iko juu, kinachokosekana mara nyingi ni fosfati au chuma. *Caulerpa* hukua haraka zaidi, lakini una tabia ya kuzaana ghafla na kusambaratika usiku mmoja, maji yakawa ya maziwa na oksijeni ikashuka.

Siki au vodka

Hapa unawalisha bakteria kaboni ili wazaliane, wavute nitrati na fosfati kujenga miili yao, kisha skima iwanase. Bila skima nzuri, usianze.

Tumia siki nyeupe ya asilimia 5, isiyo na rangi wala ladha ya kuongezwa. Anza na mililita 1 kwa kila lita 100 kwa siku, asubuhi, karibu na mahali skima inapovuta maji. Ongeza mililita 1 nyingine kwa lita 100 kila wiki, si haraka zaidi ya hapo, hadi uone nitrati imeanza kushuka; kisha simama kwenye dozi hiyo. Ikikaribia kiwango unachotaka, punguza dozi kwa nusu. Ukipendelea vodka ya asilimia 40, mililita 1 yake ina kaboni ya takriban mililita 8 za siki. Siki hushusha pH kwa muda, vodka haishushi kwa namna hiyo.

Utando mweupe kwenye kioo na pampu unamaanisha dozi imezidi; rudi nyuma. Maji yakiwa ya mawingu na samaki wakihema juu, acha kabisa siku hiyo na uongeze hewa: bakteria wamekula oksijeni. Nitrati isipoteremka hata kidogo baada ya wiki nyingi, pima fosfati. Bakteria hawajengi mwili bila hiyo, na tangi lenye dawa kali ya kunyonya fosfati huwanyima. Uwiano wa Redfield, uliopimwa kwenye viumbe vya bahari, ni nitrojeni 16 kwa fosforasi 1, ambao kwa uzito ni karibu 10 mg ya nitrati kwa 1 mg ya fosfati.

Salfa, kwa matangi yenye samaki wengi

Kasi ikiwa kubwa mno na matumbawe ni machache, mtungi wa punje za salfa ndio wenye nguvu kuliko zote. *Thiobacillus denitrificans* hula salfa na kuvunja nitrati. Weka takriban lita 1 ya punje kwa kila lita 100 za tangi, na pampu ndogo ya kuzungusha maji ndani ya mtungi.

Anza na tone moja au mawili kwa sekunde. Wiki za kwanza maji yanayotoka yatakuwa na nitriti, usiongeze kasi. Nitriti na nitrati zikisoma sifuri kwenye maji yanayotoka, ongeza mtiririko kidogo, pima baada ya siku chache, ongeza tena. Nitriti ikirudi, umekwenda haraka. Harufu ya yai bovu ina maana mtiririko ni mdogo mno: nitrati imekwisha mtungini na bakteria wameanza kuvunja salfeti. Maji yanayotoka yana asidi, kwa hiyo yapitishe kwenye mtungi wa pili wenye changarawe ya matumbawe, yaangukie karibu na skima, na uangalie ualkali wa tangi kila wiki.

Usiifukuze mpaka sifuri

Tangi la samaki na miamba tu huishi vizuri chini ya 40 mg/L. Matumbawe laini hupenda 5 hadi 20, na magumu yenye polipu ndogo 2 hadi 10. Sifuri ya nitrati pamoja na sifuri ya fosfati hupausha matumbawe na kuwafungulia mlango dinoflagelata, utando wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wowote. Ukifika huko, acha siki, punguza mwani, ongeza chakula. Isipotosha, gramu 0.137 za sodiamu nitrati safi huongeza 1 mg/L kwenye lita 100.

Vinavyoua kichujio

Klorini huua bakteria, kwa hiyo sifongo na mawe ya kichujio yasuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, nusu yake kwa mara moja. Viuavijasumu huua bakteria wa tangi pamoja na wa ugonjwa, na shaba hunywewa na miamba. Mtibu samaki kwenye tangi la pembeni.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni kichujio cha mtungi uliofungwa. Maji yaliyosimama humo huishiwa oksijeni ndani ya saa chache, bakteria huanza kufa, na umeme ukirudi uchafu huo wote husukumwa kwa samaki. Ukikatika kwa zaidi ya saa mbili, funga vali, fungua mtungi, mwaga maji yake, suuza vilivyomo kwa maji ya tangi, kisha ndipo uwashe. Kwa tangi lenyewe, pampu ya hewa ya betri ikiwashwa mapema huokoa samaki na miamba pamoja. Pima amonia siku inayofuata na siku ya tatu, na katika siku hizo toa nusu ya chakula cha kawaida.